Telomerasi: Kimeng'enya Kilicho Baina ya Uzee na Saratani

Katika maajabu ya maumbile ya wanyama wanyonyeshao, ambao wataalamu huwaita mamalia, lipo moja ambalo, kwa kuwa hutukia kila siku mbele ya macho yetu, halitushughulishi kama linavyostahili: ya kwamba mama wa miaka arobaini, ambaye ngozi yake imekwisha kuanza kulegea na nywele zake kuingia mvi, humzaa mtoto ambaye mwili wake hauna hata dalili moja ya umri ule. Yai alilotokana nalo mtoto huyo lilikuwamo mwilini mwa mama yake kwa miaka yote arobaini, na nyuma ya yai hilo ipo nasaba ya seli zilizogawanyika, moja ikizaa nyingine, pasi na kukatika, tangu kabla ya kuwako mwanadamu na kabla ya kuwako mnyama yeyote anyonyeshaye. Nasaba hiyo haikuzeeka. Kwa hiyo kuchakaa si sharti la kila chenye uhai; na ikiwa mwili wa mtu, wa farasi au wa ndovu huchakaa, hapana budi mna sababu mahususi ndani ya mwili wenyewe inayoutenga na mbegu iliyouzaa.

Sehemu moja ya sababu hiyo, na nasema sehemu moja kwa kuwa uzee una asili nyingi, imo katika kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Watu wengi waliopata kulisikia jina hili wamelisikia katika matangazo ya vidonge na katika makala zinazoahidi kurudisha ujana, wakaelezwa kwamba telomerasi ni kitu chema ambacho mwili wetu, kwa upungufu wake, umekikosa, na kwamba kazi iliyobaki ni kukirudisha. Rai nitakayoitetea hapa ni kinyume cha hiyo. Naona ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne waonyesha kwamba kuzimwa kwa telomerasi katika seli nyingi za mtu ni ulinzi uliowekwa na maumbile dhidi ya saratani, kwa sababu sisi ni wanyama wakubwa wenye umri mrefu. Kwamba uzee ni baadhi ya gharama ya ulinzi huo. Na kwamba anayetaka kutuondolea gharama ana wajibu wa kutuambia kwanza atatulinda kwa nini badala yake.

Ni vizuri kuanza na kosa kubwa lililotawala fikira za wanachuoni kwa muda wa miaka hamsini, maana bila ya kulijua hatutaithamini kazi iliyolibatilisha. Mwaka 1912 Alexis Carrel, tabibu Mfaransa mwenye sifa kubwa aliyekuwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitwaa kipande cha moyo wa kiinitete cha kuku akakikuza katika chombo cha kioo, na seli zilizotokana nacho zikaendelea kutunzwa hata mwaka 1946, miaka miwili baada ya kufa kwake mwenyewe. Ikaaminiwa basi kwamba seli ikitolewa mwilini na kulishwa vyema haifi kamwe, na kwamba uzee ni jambo la mwili mzima wala si la seli moja moja. Maabara nyingine zilijaribu kulirudia jambo hili zisiweze, lakini kwa haiba ya Carrel kila aliyeshindwa alijilaumu nafsi yake, akadhani ameharibu chakula cha seli au ameingiza uchafu. Yaelekea kwamba majimaji ya viinitete yaliyolishwa seli zile za chomboni yalikuwa yakiingiza seli mpya kila mara, pasi na watunzaji kutambua.

Aliyethubutu kuamini macho yake ni Leonard Hayflick, ambaye pamoja na mwenziwe Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, alichapisha mwaka 1961 habari za seli za binadamu zilizokuzwa kwa uangalifu mkubwa na ambazo zote, baada ya kugawanyika mara hamsini hivi, zilisita. Hazikufa papo hapo. Zilibaki zikila na kupumua, ila hazikugawanyika tena. Ili kuondoa shaka ya kwamba huenda kasoro imo katika chakula au katika virusi vilivyojificha, walichanganya katika chombo kimoja seli za mwanamume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli za mwanamke zilizogawanyika mara chache, ambazo zaweza kupambanuliwa kwa kromosomu zao. Na muda ulipopita wakazikuta zile za mwanamke peke yake ndizo zinazoendelea, hali zote zilikunywa maji mamoja. Nayastahi majaribio haya kuliko mengi yaliyoyafuata kwa vyombo vya thamani kubwa zaidi, kwa kuwa hoja yake haina mwanya: kama ubaya ungekuwa katika chombo, ungalizipata zote. Hesabu ya migawanyiko imo ndani ya seli, na zaidi ya hayo imehifadhiwa humo hata seli ikigandishwa kwa baridi kwa miaka. Ikiyeyushwa huendelea pale pale ilipoachia.

Swali likawa: seli huhesabu kwa kitu gani? Jibu la kwanza lililo sahihi lilimjia Alexey Olovnikov huko Moscow mwaka 1966, alipokuwa ametoka kusikiliza mhadhara juu ya matokeo ya Hayflick, naye amesimama katika kituo cha treni za chini ya ardhi. Alitambua kwamba vimeng'enya vinavyonakili uzi wa DNA haviwezi, kwa namna vinavyofanya kazi, kunakili mwisho kabisa wa uzi. Hivyo kila seli inapogawanyika kijipande cha ncha hupotea, na siku ncha zikiisha mgawanyiko hukoma. Alichapisha wazo hilo kwa Kirusi mwaka 1971 na kwa Kiingereza mwaka 1973, na katika mwaka uliokuwa baina yao James Watson naye, kwa njia yake mwenyewe, akaonyesha upungufu huo huo wa kunakili ncha. Lakini Olovnikov alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba lazima kiwepo kimeng'enya kinachozirudisha ncha katika seli za uzazi, la sivyo vizazi vingekwisha, na kwamba kimeng'enya hicho kitapatikana pia katika saratani. Hakuwa na jaribio hata moja la kuthibitisha kauli hiyo, na miongo miwili baadaye kila sehemu yake ilionekana kuwa ni kweli.

Habari za ncha zenyewe zilikuwa zimeanza mapema zaidi, katika miaka ya 1930 na kuelekea 1940, pale Hermann Muller alipochunguza nzi wa matunda na Barbara McClintock alipochunguza mahindi, wakaona kwamba kromosomu iliyovunjika hujiunga ovyo na nyingine, ilhali ncha zake za asili hazijiungi na chochote. Ncha hizo, zinazoitwa telomea, huuhifadhi uzi wa urithi kama vile uzi uliozungushwa mwisho wa kamba ya dau unavyoizuia kamba isifumuke. Zimeundwa nini? Elizabeth Blackburn, akiwa pamoja na Joseph Gall, alilijibu hilo mwaka 1978 kwa kutumia kijidudu cha madimbwini kiitwacho Tetrahymena, ambacho kina maelfu ya kromosomu fupi fupi na kwa hiyo ncha tele za kuchunguza: akakuta mfuatano mfupi wa besi, TTGGGG, unaorudiwa rudiwa. Kwa mwanadamu, na kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, mfuatano ni TTAGGG, nao hurudiwa maelfu ya mara. Mwanafunzi wa Blackburn, Carol Greider, siku ya Krismasi ya mwaka 1984, katika maabara huko Berkeley, aliiona kwa mara ya kwanza alama ya kimeng'enya kinachouongeza mfuatano huo, na habari zikatangazwa mwaka 1985. Wawili hawa pamoja na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009.

Telomerasi ina sehemu mbili zilizo za lazima. Moja ni protini iitwayo TERT, inayotenda kazi ya kuunganisha besi. Ya pili ni kipande cha RNA kilichobeba ndani yake kielelezo cha mfuatano, hata kimeng'enya hakihitaji kuazima nakala kwingine. Mtoto wa binadamu huzaliwa na telomea zenye besi kama 10,000 hadi 15,000, na kila mgawanyiko huondoa makumi kadhaa mpaka mia na zaidi. Telomea ikifupika mno, seli huidhania kuwa ni DNA iliyokatika, ikaamsha walinzi wake, na hasa protini ya p53, ambayo huiamuru isite kugawanyika au ijiue. Katika mwili wa mtu telomerasi hufanya kazi tumboni mwa mama katika siku za mwanzo, katika seli za uzazi, na kwa kiasi kidogo katika seli shina za uboho, za matumbo na za ngozi, na katika seli nyeupe za damu zinapoamshwa na maradhi. Kwingineko jeni ya TERT imefungwa. Hata zile seli shina hazipewi kimeng'enya cha kutosha kuzuia ufupisho wote, na kwa sababu hiyo telomea za damu ya mzee ni fupi kuliko za kijana.

Sasa tuigeukie saratani. Mwaka 1951 tabibu mmoja wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichukua kipande cha uvimbe wa shingo ya kizazi cha Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi wa miaka thelathini, pasi na kumwomba idhini. Mama yule alifariki mwaka ule ule, na seli zake zimekuwa zikigawanyika katika maabara za dunia nzima mpaka leo, zikijulikana kwa jina la HeLa. Dhuluma aliyotendewa ina kitabu chake na haihitaji kurefushwa hapa. Lililo letu ni kwamba seli hizo zimevuka mpaka wa Hayflick kwa maelfu ya migawanyiko, na mwaka 1989 Gregg Morin akaikuta telomerasi ndani yake. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1994, ulitoka uchunguzi mpana uliotumia kipimo kipya chepesi: katika aina 100 za seli zisizokoma kugawanyika, 98 zilikuwa na telomerasi, na katika aina 22 zenye mpaka hapakuwa na hata moja; katika vipande 101 vya uvimbe wa saratani, 90 vilikuwa nayo, na katika vipande 50 vya mwili wa kawaida hapakuwa na hata kimoja. Ni nadra katika elimu ya saratani, ambamo kila uvimbe una tabia zake, kupata alama moja inayoenea hivyo. Saratani chache zilizosalia, kama moja katika kila kumi au zaidi kidogo, hurefusha telomea kwa hila nyingine, kwa kunakili ncha ya kromosomu moja kutoka kwa nyingine. Hata hivyo nazo hazina ruhusa ya kuacha ncha ziishe.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliiingiza jeni ya TERT katika seli za kawaida za binadamu, nazo zikauvuka mpaka wao na kuendelea kugawanyika zikiwa na sura ya ujana, wala hazikugeuka saratani. Hapo ndipo matumaini makubwa yalipozaliwa, na ndipo pia, kwa maoni yangu, fikira zilipoanza kupotoka. Kwamba telomerasi peke yake haileti saratani ni kweli. Lakini saratani haiji kwa hatua moja. Seli huhitaji kupata hitilafu kadhaa, moja baada ya nyingine, na baina ya hitilafu moja na inayofuata yapasa kupita migawanyiko mingi. Mpaka wa Hayflick huikata safari hiyo katikati, seli yenye hitilafu mbili ikaishiwa na telomea kabla ya kuipata ya tatu. Telomerasi haiwashi moto wa saratani, bali huiondoa saa ya mwisho iliyowekewa kila seli. Kuuliza kama telomerasi "husababisha" saratani ni kuuliza swali lisilo na faida. Swali lenye faida ni hili, je, saratani ngapi ambazo zingalikoma zikiwa chembe ndogo zitapata muhula wa kukamilika?

Ili kulijibu watu walimwendea panya wa maabara, na huko wakakutana na shahidi mwenye ulimi wa namna mbili. Mwaka 1997 Maria Blasco, akishirikiana na Carol Greider na Ronald DePinho, alitangaza kuzaliwa kwa panya waliokosa kabisa ile sehemu ya RNA ya telomerasi. Kila mtu alingojea kuona uzee wa haraka. Nao wakazaliwa wazima, wakala, wakazaa. Ilihitajiwa kuwazalisha kizazi baada ya kizazi, na kwa vizazi vya nyuma, kufikia cha sita, ndipo balaa likadhihiri: kende zilizosinyaa, utasa, matumbo na uboho visivyoweza kujijenga upya, mvi za mapema, vidonda visivyopona. Sababu ya kuchelewa huko ni kwamba panya wa maabara huzaliwa na telomea ndefu mara nyingi kuliko zetu, zenye besi 40,000 na kuendelea, na telomerasi yake haikufungwa katika sehemu nyingi za mwili, naye umri wake ni miaka miwili au mitatu. Hufa kabla ya akiba kumwishia. Na wengi wa panya hao hufa kwa nini? Kwa saratani. Kwa hiyo mnyama ambaye telomerasi yake iko wazi, mwenye telomea ndefu kutupita, haishi kutupita, na uvimbe humwandama katika umri ambao mtoto wa binadamu bado anajifunza kusema.

Yapo maoni kwamba la kuangaliwa si urefu wa telomea bali ni kasi ya kufupika kwake. Blasco na wenziwe wa Madrid walipima mwaka 2019 wanyama na ndege wa jinsi mbalimbali wakaona kwamba wenye kupoteza telomea kwa kasi huishi muda mfupi: panya hupoteza kama besi 7,000 kwa mwaka, na mtu kama 70. Uwiano huo ni wa kuvutia, na sioni sababu ya kuukataa. Ila uwiano hautuambii kipi ni chanzo na kipi ni matokeo, maana mwili unaochakaa upesi kwa sababu nyingine nao utazifupisha telomea zake upesi.

Ushahidi ulionishawishi mimi watoka kwa wagugunaji. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, wa Chuo Kikuu cha Rochester katika jimbo la New York, waliona kwamba jamii hii ya wanyama imekusanya karibu kila mchanganyiko wa ukubwa na umri: wamo wadogo wanaokufa mapema, wadogo wanaoishi miongo, na wakubwa kama biva na kapibara, huyu wa mwisho akifika kilo hamsini na zaidi. Mwaka 2007 walitangaza matokeo ya kupima telomerasi katika jinsi kumi na tano za wagugunaji. Kama kimeng'enya hiki kingekuwa ndicho kiini cha umri mrefu, wenye maisha marefu wangekuwa nacho kwa wingi, na kama kukifunga ni njia ya kuepa saratani ya uzeeni, wenye maisha marefu wangekuwa wamekifunga. Halikuthibiti la kwanza wala la pili. Kilichoambatana na telomerasi ni ukubwa wa mwili: biva na kapibara wameifunga kama tulivyoifunga sisi, na wadogo wote wanayo, akiwamo kindi wa kijivu wa Marekani anayeweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2011 uchunguzi wa jinsi zaidi ya sitini za mamalia, uliofanywa na kundi jingine, ulielekea kule kule: telomerasi hupungua kadiri mwili unavyokuwa mkubwa. Hoja iliyo nyuma ya jambo hili ni ya hesabu. Mnyama wa kilo hamsini ana seli mara elfu na zaidi kuliko panya, na kila seli ni nafasi moja ya hitilafu kuanza. Bila ya kuweka mpaka wa migawanyiko asingefika umri wa kuzaa.

Na yupo mnyama wa kwetu katika ushahidi huu. Katika nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, na katika Uhabeshi na Somalia, huishi chini ya ardhi fuko mdogo asiye na manyoya, mwenye uzito wa gramu thelathini na tano hivi, anayekaa katika makundi yenye malkia mmoja anayezaa. Na baadhi ya makundi yaliyopelekwa katika maabara za ng'ambo yalichimbuliwa Kenya. Fuko huyu, ambaye kwa kipimo cha mwili wake alistahili kuishi kama panya, huishi zaidi ya miaka thelathini, na saratani kwake ni jambo la nadra sana. Telomerasi yake haikufungwa. Basi atakayesema kwamba telomerasi huweza kuwa wazi pasi na saratani anaye shahidi wa kweli, lakini na amsikilize shahidi huyo mpaka mwisho: seli za fuko huacha kugawanyika zinapogusana tu, mapema kuliko za mnyama mwingine, na zimezungukwa na utando mzito wa asidi ya haluroni ambao, watafiti wa Rochester walipouondoa, seli zile zilipoteza kinga yao. Yeye hakuacha mlango wazi. Aliweka mlinzi mwingine. Ndovu naye, ambaye kwa wingi wa seli zake alipaswa kuangamizwa na saratani kabla ya kukomaa, alionekana mwaka 2015 kuwa na nakala kama ishirini za jeni ya p53 mahali ambapo sisi tuna moja. Popo mmoja wa Ulaya, Myotis myotis, hana dalili ya kufupika kwa telomea kadiri anavyozeeka, tena bila ya telomerasi kuonekana katika damu yake. Kila mmoja ameilipa dhamana yake kwa sarafu tofauti, na hakuna aliyesamehewa.

Kwa binadamu mizani hii haikuachwa kwa kubahatisha, maana ziko familia zilizorithi kuelemea upande mmoja au mwingine. Maradhi ya diskeratosi konjenita, ambayo asili yake katika jeni za telomerasi ilijulikana kuanzia mwaka 1999, huharibu kucha, huweka utando mweupe ulimini, na huusimamisha uboho mgonjwa angali kijana. Na mwaka 2007 ilibainika kwamba hitilafu za jeni hizo hizo huleta kwa watu wazima maradhi ya mapafu kujaa makovu, ambayo humnyima mtu pumzi polepole hata akafa. Upande wa pili wako waliorithi telomea ndefu kupita kiasi kwa hitilafu ya jeni iitwayo POT1. Mary Armanios na wenziwe wa Johns Hopkins walieleza habari zao mwaka 2023: watu hawa hawakupewa ujana wa milele, bali walikuwa na vivimbe vingi, vya heri na vya shari, na damu iliyojaa nasaba za seli zenye hitilafu zilizopata nafasi ya kuishi. Uchunguzi wa jeni za watu wengi uliochapishwa mwaka 2017 ulitoa hukumu iliyo sawa na hiyo: wenye telomea ndefu kwa urithi wana hatari zaidi ya saratani za aina kadhaa, na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya mishipa ya moyo. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ufupi wa telomea ni salama tupu. Ulinzi huu una udhaifu, nao ni kwamba hutegemea p53. Seli iliyompoteza mlinzi huyo haitii amri ya kusita. Huendelea kugawanyika hata telomea zikaisha kabisa, kromosomu zikajiunga na kukatika kama alivyoona McClintock kwa mahindi, na seli nyingi zikafa katika vurugu hiyo. Moja ikinusurika na kuiamsha telomerasi, hutoka ikiwa imekusanya hitilafu ambazo kwa njia ya kawaida zisingepatikana upesi. Panya waliokosa telomerasi na wakapungukiwa p53 walipata, kama ilivyotangazwa mwaka 2000, saratani za ngozi, matiti na matumbo zinazofanana na za watu wazee, badala ya zile za tezi za limfu zilizo desturi ya panya. Na namna ya kuiamsha telomerasi imekuwa wazi tangu mwaka 2013, ilipogunduliwa kwamba katika wengi wa wenye saratani ya ngozi iitwayo melanoma pamebadilika besi moja tu katika kipande kinachoongoza jeni ya TERT.

Katika nuru hiyo ndimo zipimwe habari njema tunazoletewa. Mwaka 2010 DePinho na wenziwe walirudisha telomerasi kwa panya waliozeeshwa kwa kuikosa, na kende, matumbo na ubongo vikarejea siha. Ni kazi ya kupendeza, lakini ni kumrudishia mnyama kile alichonyang'anywa. Mwaka 2012 kundi la Blasco lilipeleka jeni ya TERT kwa kirusi kisicho na madhara katika panya wa kawaida, wakaongezeka maisha kwa asilimia 24 waliotibiwa wakiwa na mwaka mmoja, na kwa asilimia 13 waliotibiwa wakiwa na miaka miwili, bila saratani kuzidi. Siyakanushi matokeo haya. Nasema tu kwamba yamepatikana kwa mnyama ambaye hakuwa ameifunga telomerasi sana tangu awali, anayeangaliwa kwa miezi, na sisi twataka kuyahamishia kwa kiumbe aliyeifunga kwa ukali na ambaye saratani hujiandaa ndani yake kwa miaka ishirini au thelathini. Na wale wanaowauzia wazee vidonge vya mitishamba kwa ahadi ya kuiamsha telomerasi wanastahili kulaumiwa waziwazi, kwa kuwa kidonge hicho kama hakifanyi kazi ni wizi, na kama kinafanya kazi hakuna aliyekipima kwa muda wa kutosha kujua kilichoamshwa pamoja nayo.

Wanaohitaji kweli kurefushiwa telomea ni wale wagonjwa wa urithi niliowataja, ambao mizani yao imeelemea mno; kwao dawa ya danazoli, iliyojaribiwa Marekani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ilirefusha telomea za damu na kuwapunguzia wengi haja ya kuongezewa damu. Upande wa saratani, baada ya miaka mingi ya kujaribu na kushindwa, dawa ya kwanza inayoizuia telomerasi, imetelstati, iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2024 kwa baadhi ya wagonjwa wa uboho uliokosa utaratibu wa kutengeneza damu. Madhara yake makubwa ni kupungua kwa seli nyeupe na kwa chembe za kugandisha damu. Hakuna la kushangaza hapo, kwa kuwa uboho mzima nao unahitaji telomerasi kidogo uliyoachiwa.

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki, ambako saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa zinazowaua akina mama wengi kupita zote, lipo jambo moja katika mlango huu ambalo halingojei uvumbuzi mpya. Saratani hiyo, na ndiyo iliyomwua Henrietta Lacks, huletwa na virusi vya papiloma, na seli za HeLa zimebeba mpaka leo kirusi cha namna ya 18. Protini ya kirusi hicho iitwayo E6 hutenda mambo mawili kwa pamoja: humharibu p53, na, kama ilivyothibitishwa mwaka 1996, huiamsha telomerasi. Yaani kwa pigo moja humwondoa mlinzi na kuifungua saa. Chanjo dhidi ya virusi hivyo huzuia maambukizi yenyewe, kabla E6 haijaifikia seli. Rwanda iliianza kwa nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, nayo hutolewa kwa wasichana kuanzia miaka tisa hadi kumi na minne, umri ambao wengi wao hawajapata kukutana na kirusi, na kwa hiyo umri ambao kinga hupata nafasi yake kamili.